Nimeachiwa mtoto wa nyoka wa mahindi hapa Kirumba, siku ya kumi na moja hali kitu. Waliowahi kufuga njooni

BabaKulwa | Jumamosi, saa 3:20 usiku

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa sebuleni peke yangu na kiumbe ambacho mwenzangu ameshatangaza kuwa kisipotoka, basi atatoka yeye.

Nilikuwa dereva wa mwalimu mmoja mgeni. Mkataba wake umeisha, karudi kwao, na nyoka wake hakuweza kusafiri naye. Wanangu mapacha walikuwa wameshamzoea, nikajikuta nimetamka "niachie mimi". Kabla hajaondoka tulikwenda wote wawili ofisi ya wanyamapori kuandikishana, kwa hiyo ya kibali tusianzie hapo.

Ni yule anayeitwa nyoka wa mahindi, asili yake kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu. Bado mdogo, urefu kama rula moja na nusu, unene wa penseli. Ana rangi ya chungwa, madoa mekundu yaliyozungushiwa weusi, na tumboni kachorwa drafti nyeusi na nyeupe. Watoto wamempa jina Sembe.

Kwa mwalimu alikuwa anakula kichanga kimoja cha panya weupe kila siku ya sita. Kwangu hajagusa kitu. Nimemwekea mara mbili, anakipita kama haoni. Boksi lake la plastiki nimelipandisha juu ya kabati la nguo, watoto wa jirani wasimfikie, na ndani nimemfungia balbu ya wati 60 apate joto. Kila jioni wanangu wanamtoa wanamshika ili asisahau watu. Majirani nao wanakuja kumwona, foleni kama ya kisimani.

Leo asubuhi macho yamegeuka. Yamekuwa ya buluu yenye ukungu, kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Mama Kulwa anasema kapofuka, nimpeleke huko atakakojua. Msaada tafadhali.

JiweLaPembeni | Jumamosi, saa 3:31 usiku

Mkuu, sato wote hao wanaoshushwa mwaloni Kirumba, wewe ukaona ufuge nyoka. Nimekaa palee nasubiri wajuzi.

MamaSato | Jumamosi, saa 3:40 usiku

Umejaribu dagaa? Paka wangu alisusa kila kitu, dagaa akakubali.

Mzee_wa_Igoma | Jumamosi, saa 3:58 usiku

Dawa ya nyoka ni panga tu. Mengine mnajitafutia.

NyokaSiAdui | Jumamosi, saa 4:45 usiku

Kaka BabaKulwa, vuta kiti. Nilihudumia nyoka miaka sita kwenye bustani moja ya nyoka huko kaskazini, na hawa wa mahindi wamepita mikononi mwangu.

Hajapofuka. Anataka kujivua gamba. Nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba linaloonyesha kama kioo, na hilo nalo hutoka na ngozi. Kabla ya kujivua, majimaji hujaa kati ya ngozi kuukuu na mpya, ndiyo maana unaona ukungu. Ukungu utakaa siku chache, kisha macho yatang'aa tena utadhani kapona, halafu baada ya siku kadhaa ndipo atavua. Watoto wanakua haraka, kwa hiyo kila mwezi hivi utaiona hali hii. Usimdondoshee dawa ya macho. Usimmenye. Na chakula acha kabisa mpaka amalize, maana wengi wao hawali wakiwa hawaoni vizuri.

Sasa nikugombeze. Kuna vitu vinne vyenye matatizo kuliko hayo macho.

Juu ya kabati, chini ya bati, Mwanza? Umepima joto? Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Analichukua nje, na ndilo linalomsaidia kusaga chakula. Anatakiwa awe na upande wa joto, nyuzi 28 hadi 31, na upande wa ubaridi, 23 au 24, ahame mwenyewe anavyojisikia. Boksi likichemka lote hana pa kukimbilia. Likizidi 35 unaweza kuamka umkute amekufa.

Balbu ndani ya boksi itoe leo hii, usingoje kesho. Nyoka hujizungushia kwenye kitu cha moto na kuungua bila kujinasua.

Kushikwa kila jioni: mtoto wa nyoka aliyehamishwa nyumba huachwa wiki nzima bila kuguswa wala kulishwa. Aweze kudhani kwamba mwindaji hayupo. Wewe umemfanyia maonyesho ya Sabasaba.

La nne hukulisema lakini naliona: ana pa kujificha? Kama yuko kwenye boksi tupu linaloonyesha pande zote, hali kwa sababu anaogopa. Weka maficho mawili, moja kila upande, ya kumbana kidogo: kifuu cha nazi kilichotobolewa, kigae cha chungu, hata roli ya karatasi ya chooni.

Kamanda_Pasiansi | Jumamosi, saa 4:52 usiku

Kujivua gamba tulikusikia mwaka 2011 kwenye siasa, tukasubiri ngozi mpya mpaka leo. Tumpe Sembe muda, huenda akatimiza yeye.

BabaKulwa | Jumapili, saa 10:15 jioni

Nimecheka halafu nikasikitika.

Mkuu NyokaSiAdui, nimeazima kipimajoto kwa jirani anayelea vifaranga. Saa tisa alasiri juu ya kabati: nyuzi 37. Nimeshusha boksi nikaliweka kwenye meza ya chini, upande wa ukuta usiopigwa na jua, sasa inasoma 26. Balbu nimetoa. Maficho hakuwa nayo, nimempa vigae viwili vya mtungi uliovunjika, akaingia kimoja palepale na hajatoka tangu asubuhi.

Halafu kuna jambo la aibu. Mwalimu aliniachia kimkeka fulani cha umeme, chembamba kama daftari. Sikujua cha nini. Mama Kulwa anakilalia kwa ajili ya mgongo, na anasema kimemsaidia.

NyokaSiAdui | Jumapili, saa 11:02 jioni

Hahaha. Mwombe mama samahani, huo ni mkeka wa joto wa nyoka. Unalazwa chini ya boksi, nje, usizidi nusu ya eneo lake. Ila usiuwashe hivihivi, bila kidhibiti unaunguza. Nenda duka lolote la vifaa vya kuku ununue thamostati ya mashine ya kutotolesha vifaranga, kinasa joto chake kikae kati ya mkeka na boksi, uiweke 30.

Umeme ukikatika usiku usihangaike sana. Usiku wa Mwanza ukishuka 18 au 19 anavumilia, kwao huko kuna baridi kuliko yetu. Hatari ni akiwa ametoka kula, tumbo linapoa na chakula kikiwa ndani. Hapo jaza chupa maji ya moto, ifunge kitambaa, iegemeze nje ya boksi.

Dada MamaSato, dagaa hapana. Huyu si nyoka wa maji. Porini watoto wao hukamata mijusi na vyura wadogo, wakikua ni panya na ndege. Jina lenyewe wengine husema limetokana na kuonekana kwenye maghala ya mahindi wakifuata panya, wengine husema ni ile drafti ya tumboni inayofanana na punje za mahindi ya rangirangi.

DadaWaNyegezi | Jumapili, saa 1:20 usiku

Panya wa nyumbani je? Hapa kwangu wamejaa, namgawia bure.

NyokaSiAdui | Jumapili, saa 1:41 usiku

Asante dada, lakini hapana kabisa. Mtaani kila duka linauza sumu ya panya. Panya aliyekula sumu jana anatembea leo, na nyoka akimla wanakwenda wote. Achilia mbali minyoo na viroboto. Wafugwe panya weupe, majike wawili na dume mmoja kwenye ndoo pana yenye wavu juu, wanazaa kila baada ya wiki tatu ukiwaacha pamoja.

Vichanga vya ziada unavigandisha. Siku ya kulisha unaloweka kimoja kwenye maji ya uvuguvugu kikiwa ndani ya mfuko mpaka ubaridi wote uishe, hata katikati. Usichemshe. Kipimo: unene wake usipite sana sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka.

BabaKulwa | Jumapili, saa 2:05 usiku

Kugandisha wapi mkuu? Friji ni moja, na ndimo samaki wa familia walimo. Unataka ndoa yangu iishe wiki hii hii?

MamaSato | Jumapili, saa 2:09 usiku

Kopo la siagi lenye mfuniko, liandike "DAWA". Usiniulize nimejuaje.

NyokaSiAdui | Jumapili, saa 2:30 usiku

Kopo lifungwe kwenye mifuko miwili na mama aambiwe ukweli, maana usafi ni wenu wote. Hawa nyoka hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua. Kila anayemshika anaosha mikono kwa sabuni, na kibakuli chake cha maji hakioshwi kwenye sinki la vyombo. Hasa mkiwa na mtoto mchanga au mzee nyumbani.

Mtumishi77 | Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Ndugu, nyoka ni adui tangu Edeni. Fungua mlango wa boksi, fungua na mlango wa madhabahu. Ushauri wangu kamwachie kwenye mawe ya Capri Point aende zake kwa amani.

Mvuvi_Mstaafu | Jumatatu, saa 7:10 mchana

Mtumishi, ya Edeni nakuachia, ila hilo la mwisho nalipinga. Wanaoishi kando ya ziwa hili ndio wa mwisho kushauri mgeni aachiwe porini. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kaongeza viwanda vya minofu kweli, lakini furu tuliokuwa tunawavua utotoni aina nyingi hazipo tena. Yakaja magugumaji, wengine tulikaa siku nzima tunakata njia mtumbwi upite. Yote mawili hakuna aliyeyaagiza kwa nia mbaya.

Hapo Capri Point kuna mijusi wa mawe, wale madume wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Hata jina lao la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu. Mtoto wa nyoka anayekula mijusi ukimwacha pale umefanya nini?

NyokaSiAdui | Jumatatu, saa 8:00 mchana

Naunga mkono. Nyoka huyuhuyu ameshaota mizizi kwenye visiwa kadhaa vya Karibi baada ya kufikishwa na watu. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, msicheze nayo kwa kuleta wala kwa kuachia. Ukishindwa kumlea, rudi ofisi ileile mliyoandikishana.

BabaKulwa | Alhamisi, saa 8:50 usiku wa manane

WAKUU SEMBE HAYUPO. Mfuniko uko vilevile, yeye hayumo. Mama Kulwa na watoto wamehamia kwa shemeji. Nifanye nini?

NyokaSiAdui | Alhamisi, saa 9:04 usiku

Boksi lina klipu?

BabaKulwa | Alhamisi, saa 9:05 usiku

Pande mbili. Nimeweka tofali juu.

NyokaSiAdui | Alhamisi, saa 9:15 usiku

Upande usio na klipu ameunyanyua kwa pua. Penseli inapopita, naye anapita. Tulia. Ziba chini ya milango kwa khanga, zima taa. Hatembei katikati ya sakafu, anafuata kuta, na anapenda penye joto na pembamba: nyuma ya friji, chini ya televisheni, ndani ya viatu. Nyunyiza unga mwembamba kando ya kuta zote na kwenye vizingiti. Baada ya saa moja pitia na tochi, utaona amechora mstari.

BabaKulwa | Alhamisi, saa 11:30 alfajiri

Nimempata. Unga umechorwa kuanzia mlango wa jikoni mpaka nyuma ya friji, kailalia mota. Nyoka wa mahindi, jina Sembe, kapatikana kwa sembe. Mvua inanyesha, niko macho tangu saa nane, sitaki utani.

Kamanda_Pasiansi | Alhamisi, saa 12:10 asubuhi

Utani gani mkuu. Mimi nauliza tu huo unga mmeuzoa au ndio ugali wa leo.

BabaKulwa | Jumapili, saa 9:20 alasiri

Mrejesho. Nimenunua boksi jipya lenye klipu pande nne, nimelitoboa matundu madogo kwa msumari wa moto. Ndani nimetandika magazeti, nilitaka randa za fundi seremala lakini NyokaSiAdui alinionya faragha kwamba mbao nyingi zimepakwa dawa, na randa za mwerezi na misonobari zina harufu kali inayoumiza mapafu yao. Miguu ya meza iko kwenye makopo ya maji kwa ajili ya sisimizi, kama kabati la mboga la mama yangu. Na dawa ya mbu ya kupuliza tumepiga marufuku chumba hicho.

Gamba limetoka jana usiku! Zima, kuanzia pua hadi mkia, limegeuka ndani nje kama soksi. Nimelinyanyua kwenye mwanga, vile vioo viwili vya macho vipo. Sembe anang'aa mpaka Mama Kulwa amesimama mlangoni (ndani hajaingia) akasema "kumbe ana rangi".

Na leo amekula. Nilimwekea kichanga kimoja magharibi, nikazima taa, niliporudi hakipo.

JiweLaPembeni | Jumapili, saa 9:26 alasiri

Hongera mkuu. Ila leo magharibi na bandiko ni saa tisa alasiri?

BabaKulwa | Jumapili, saa 9:28 alasiri

Jana magharibi, wakuu. Usingizi. Na gamba lilitoka usiku wa kuamkia jana.

BabaKulwa | Jumanne, saa 2:00 usiku

Amekitapika. Kinanuka sijawahi kuona. Nimewabana watoto, Doto kakiri: jana walimtoa wakati mimi niko kazini, wakamwonyesha binamu yao. Nimwekee kingine leo?

NyokaSiAdui | Jumanne, saa 2:35 usiku

USIMWEKEE. Hili ndilo linaloua watoto wa nyoka wa watu wapya: katapika, mtu anaona huruma, anamlisha kesho yake, anatapika tena. Asidi ya tumboni imetoka na koo limeungua. Ngoja siku kumi hadi kumi na nne. Maji safi tu. Kisha mpe kichanga kidogo kuliko cha kwanza.

Baada ya kula ni saa 48 bila kuguswa, na ukiona kifundo bado kinaonekana tumboni ongeza. Akitapika mara ya pili tafuta daktari wa mifugo mwenye moyo wa kumwangalia, upeleke na kinyesi chake kipimwe.

BabaKulwa | Jumatano, saa 1:15 usiku

Basi sikilizeni kilichotokea. Mama mkwe kafika leo kutoka Magu, alikuwa hajaambiwa kitu. Nilijua leo ndiyo mwisho wa nyumba. Kaingia moja kwa moja chumbani kuweka mzigo, kimya. Nakwenda, namkuta ameinama kwenye boksi.

Akaniuliza "nzoka huyu wa nani?" Nikaeleza. Kumbe baba yake alikuwa katika bayeye, wale wachezaji wa nyoka wa Kisukuma, na chatu walikaa ndani ya nyumba waliyozaliwa. Mimi na ndoa ya miaka kumi na tatu, leo ndiyo nasikia. Mama Kulwa mwenyewe anasema aliambiwa babu yake alikuwa "mchezaji ngoma", akaishia hapo.

Bibi kauliza kala lini, nikamwambia ya kutapika. Kawaita Kulwa na Doto, kawakalisha chini. Kasema kwao mtoto aliyegusa nyoka aliyeshiba alilala bila mboga, maana "aliyeshiba hana mbio, ukimshika anatupa mzigo ili akimbie". Kisha kachukua kiti, kakiweka mlangoni kwa chumba cha Sembe, na hapo ndipo anapochambulia mchele.

NyokaSiAdui | Jumatano, saa 1:50 usiku

Mpe shikamoo yangu. Miaka sita nimekuwa nawaeleza wageni jambo hilo na sijawahi kulisema kwa ufupi hivyo.

Mvuvi_Mstaafu | Jumatano, saa 2:12 usiku

Mwambie bibi mwadila. Bayeye tuliwaona msimu wa ngoma baada ya mavuno, makundi ya Bagalu na Bagika wakishindana kuvuta watu, hawa wakaja na chatu shingoni, uwanja mzima unahamia kwao. Vijana wakipita Bujora, pale makumbusho ya Wasukuma Kisesa, waulize habari zao.

DadaWaNyegezi | Jumatano, saa 2:40 usiku

Jamani mimi natishwa na jambo moja. Hao mapacha wakizoea kushika nyoka wa ndani, siku wakikutana na mwingine huko kwenye mawe?

BabaKulwa | Jumatano, saa 3:05 usiku

Hilo bibi kalimaliza kabla yako dada. Kawauliza: "Fira mnamjua?" Hawamjui. "Kifutu mnamjua?" Hawamjui. "Basi hammjui nyoka, mnamjua Sembe." Wa nje hashikwi hata awe mzuri vipi, anaachwa na mtu mzima anaitwa. Na akiuma ni hospitali moja kwa moja, si kuchanja, si kufunga kamba, si jiwe jeusi. Nilishangaa hilo la jiwe kulisikia kwake.

BabaKulwa | Jumatatu, saa 2:25 usiku

Siku ya kumi na tatu tangu atapike. Juzi nilimpa kichanga kidogo, nimepima na mizani ya jikoni (nimeinunua yake, ile ya mama haijaguswa), gramu mbili na kidogo. Kakimeza kichwa kwanza kwa dakika nne. Saa tangu hapo: hamsini na moja, hakijarudi. Mkeka unasoma 30, upande wa pili 24.

Kamanda_Pasiansi | Jumatatu, saa 2:33 usiku

Safi sana. Huyu anaishi muda gani kwani?

NyokaSiAdui | Jumatatu, saa 2:47 usiku

Akitunzwa vizuri miaka 15 hadi 20, na atafika mita moja na robo hivi. Andaa boksi kubwa mapema.

BabaKulwa | Jumatatu, saa 2:49 usiku

Ishirini??

JiweLaPembeni | Jumatatu, saa 2:55 usiku

Mapacha wataoa wamwache hapohapo. Na bibi anarudi lini Magu?

BabaKulwa | Jumatatu, saa 3:10 usiku

Alisema Ijumaa iliyopita. Jana kamtuma Kulwa akamletee mto wa kukalia pale mlangoni, na mgongo wa Mama Kulwa nimeununulia mkeka wake.